Jipsamu, PVC au mbao: dari ipi inafaa nyumba ya zamani ya pwani?

*"Habari za kazi, mtaalamu. Nyumba ya mama yangu iko Tanga mjini, si mbali na bahari. Marehemu baba aliijenga mwaka 1988: vyumba vitatu, sebule, jiko na choo cha ndani, na imeezekwa kwa mabati. Silingi bodi za vyumbani ni zile za kahawia. Zimefanya matumbo, zina madoa ya maji, na usiku panya wanakimbia juu yake. Jikoni na chooni bodi ni za kijivu, ngumu kama sahani, na mbili zina nyufa. Kuanzia saa sita mchana sebuleni hakukaliki kwa joto. Fundi wa kwanza ameniambia niweke jipsamu ya ngazi mbili yenye taa za pembeni. Wa pili anasema jipsamu haidumu pwani, niweke PVC nyumba nzima, na kwamba anaweza kuipigilia chini ya bodi za zamani bila kuzibomoa. Kaka yangu aliyeko Muscat anataka mbao. Fedha niliyonayo inatosha kufanya kazi hii mara moja tu. Nichague ipi, na ipi itampunguzia mama joto?"*

Mfikishie mama shikamoo yangu. Nimelisoma swali lako mara kadhaa, na naona kwamba mzigo ulionao si wa kuchagua bodi tu: una fedha ya mara moja, una mafundi wawili wanaovutana, na una mzazi ambaye lazima aendelee kulala ndani ya nyumba hiyo wakati kazi inafanyika. Nitakujibu kuhusu jipsamu, PVC (ile ya plastiki) na mbao, na nitakuambia ninachokiona kinafaa chumba kwa chumba. Lakini sitakutendea haki nikianzia hapo, kwa sababu madoa na joto unavyovilalamikia havitokani na dari. Vinatoka kwenye paa, na dari inavipokea tu. Ukibadilisha dari peke yake, masika ya kwanza yatakuchorea madoa yale yale juu ya rangi mpya, na sebule itabaki haikaliki saa sita mchana kama inavyobaki sasa.

Hata kabla ya paa, kuna jambo ulilolitaja kwa kupita ambalo ndilo lililonishtua kuliko yote, nalo ni zile bodi za kijivu za jikoni na chooni. Bodi za kahawia za vyumbani hazinipi hofu. Ukiipata iliyovunjika utaona upande mmoja ni laini na wa pili una alama za vijumba vidogo kama za gunia. Hizo ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, na hasara yake ni kunywa maji tu. Za kijivu ni habari nyingine. Katika nyumba nyingi za miaka ya 1970 na 1980, sehemu zenye maji na moshi zilifungwa bodi za saruji iliyochanganywa na nyuzi za asbesto, kwa kuwa haziozi, haziungui na hazikuwa ghali. Si kila bodi ya kijivu ina asbesto, kwani zipo za saruji na nyuzi za mimea ambazo hazina neno, lakini kwa macho hata mimi siwezi kuzitofautisha. Kinachotofautisha ni kipimo cha maabara, na kwa nyumba ya umri huo busara ni kuichukulia bodi kuwa na asbesto mpaka kipimo kiseme vinginevyo.

Naomba usimtie mama hofu kwa hili. Asbesto iliyofungwa ndani ya saruji, bodi ikiwa nzima na imetulia mahali pake, haimdhuru anayepika chini yake, maana nyuzi hazitoki. Hatari huanza pale bodi inapokatwa kwa msumeno, inapotobolewa kwa drili, inapovunjwa kwa nyundo au inaposuguliwa kwa msasa. Hapo nyuzi ambazo jicho haliwezi kuziona huelea hewani kwa muda mrefu, na mtu akizivuta hukwama ndani ya mapafu. Shirika la Afya Duniani limeweka wazi kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani, ikiwemo ya mapafu na ya utando unaoyazunguka, na maradhi hayo huchukua miaka 20 na zaidi kujitokeza, ndiyo maana fundi anayezivunja leo bila kinga hurudi nyumbani akiamini hakuna lililotokea. Kwa hiyo pendekezo la fundi wako wa pili, la kupigilia fremu ya PVC chini ya bodi za zamani, kwa jiko na choo si njia ya mkato. Ni kutoboa matundu kadhaa katika bodi ambayo haipaswi kuguswa.

Kwa sasa, mwambie kila anayeingia humo asitoboe wala asigonge kitu juu. Zile nyufa mbili zipakwe rangi ya mafuta kwa brashi, taratibu, bila kusuguliwa kwanza, na unga wowote ulioanguka ufutwe kwa kitambaa kilicholowa, usifagiliwe ukiwa mkavu. Kisha wasiliana na ofisi ya Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) au ya Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), uwaulize nani anaruhusiwa kuchukua sampuli na nani anaruhusiwa kuziondoa na kuzizika mahali panapostahili. Kuziondoa ipasavyo maana yake ni kuzilowesha, kuzifungua zikiwa nzima badala ya kuzivunja, kuzifunga katika plastiki nene, na kutozitupa shimoni nyuma ya nyumba. Kazi hiyo si yako wala si ya kijana wa mtaani mwenye nyundo, hata akikupunguzia bei.

Sasa twende kwenye paa. Chagua siku ya jua kali, upande saa nne asubuhi kabla nafasi ile ya juu haijawa kama tanuri. Vaa barakoa, kwa sababu ya vumbi la kinyesi cha panya na, ikiwa wamo, cha popo, ambacho kinaweza kubeba kuvu inayoshambulia mapafu. Kanyaga kwenye kenchi (mbao kuu zinazobeba paa) tu, wala usikanyage bodi hata kama inaonekana imara. Ukishakaa vizuri, zima tochi, utulie dakika tano mpaka macho yazoee giza. Kila tundu kwenye bati litawaka kama nyota. Liwekee alama ya chaki kwenye papi (mbao ndogo inayoshikilia mabati) iliyo karibu, kisha washa tochi uangalie kama chini yake mbao imebadilika rangi.

Madoa yenyewe yanasomeka ukiwa chini. Ukingo wa doa huwa na rangi iliyokolea kuliko katikati kwa sababu maji yanapokauka huusukuma uchafu pembeni na kuuacha hapo. Ukiona pete ndani ya pete, maji yamekuja zaidi ya mara moja. Doa la katikati ya chumba mara nyingi ni la msumari. Doa linalofuata ukuta laonyesha kwamba maji yanapita pale paa linapokutana na ukuta au mfereji umefurika. Na ukikuta doa ambalo juu yake hakuna tundu lolote, huenda unaliona jasho la bati: usiku anga likiwa halina mawingu, bati hupoa hadi kuwa baridi kuliko hewa inayolizunguka, na hewa ya Tanga iliyojaa mvuke hugeuka matone upande wa chini wa bati, yakateremka hadi kwenye papi na kudondokea dari alfajiri. Watu wengi wametoboa na kuziba bati zima wakitafuta uvujaji ambao kumbe ni umande.

Kwa paa la mwaka 1988 ninayo hakika ya kutosha kwamba misumari imechoka. Bati la mita 3 hurefuka kwa zaidi ya milimita moja jua linapoliwakia na hurudi usiku, na kwa miaka zaidi ya 30 mwendo huo mdogo huuvuta msumari nje kidogo kidogo, huku raba iliyo chini ya kofia yake ikikauka na kupasuka. Kugongelea msumari ule ule ndani husaidia kwa miezi michache, kwani tundu la kwenye mbao limekwisha panuka. Dawa yake ni kuung'oa na kuweka skrubu ya paa yenye raba mpya, nene kuliko msumari uliotoka. Chumvi ya bahari nayo huanza kula pale mabati yanapolaliana, mahali ambapo maji hunasa. Bonyeza hapo kwa ncha ya bisibisi. Ikipenya, bati hilo libadilishwe, na kulipaka rangi kutakuwa kuficha tu.

Nakuelezea haya kwa urefu kwa sababu nimeyalipia mwenyewe. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilisimamia dari ya jipsamu katika nyumba moja iliyokuwa karibu na ufukwe. Ilikuwa Februari, kiangazi, nasi tulilipima paa kwa kulimwagia maji ya bomba nusu saa, likaonekana zima. Mvua za Aprili hazikuja kama maji ya bomba; zilikuja na upepo uliosukuma maji kupanda chini ya mlaliano wa mabati. Usiku mmoja bodi ilianguka juu ya meza ya chakula. Bodi moja ya futi 4 kwa 8 yenye unene wa milimita 9 ina uzito unaokaribia kilo 20 ikiwa kavu, na ile ilikuwa imekunywa maji. Hakuna aliyekuwa ameketi pale, namshukuru Mungu hadi leo. Tangu siku hiyo sifungi dari chini ya paa la zamani kabla mvua ya kweli haijalipima.

Kuhusu joto, wapo watakaokuambia PVC "haipitishi joto" na wengine watasema hivyo hivyo kuhusu jipsamu. Hebu tuangalie kinachotokea. Bati lililopigwa na jua la saa sita laweza kupita nyuzi 60. Hewa ya moto haishuki, hukaa juu. Joto linalomfikia mama kwa hiyo haliletwi na hewa, bali linatupwa chini na bati lenyewe kama mnururisho, jinsi unavyolihisi usoni ukikaa mbele ya jiko la mkaa hata upepo ukiwa unakupiga kisogoni. Mnururisho huo unaipasha dari, na dari ikishapata moto nayo inaupeleka chini kwa mtu. Bodi ya jipsamu ya milimita 9, kipande cha PVC chenye uwazi ndani, na ubao wa nusu inchi, vyote ni vyembamba mno kuuzuia. Tofauti kati yao ipo, lakini mwili wa binadamu aliyeketi sebuleni hautaihisi. Tabaka la pamba ya kioo la milimita 50, ile inayouzwa kwa rola, huzuia joto zaidi ya mara 20 kuliko bodi ya jipsamu ya milimita 9.

Kwa nyumba yako mimi ningeanza na kitu cha bei nafuu kuliko pamba hiyo: karatasi ya foili inayotandazwa chini ya mabati, ikipigiliwa upande wa chini wa mbao za juu za kenchi, ng'ao yake ikitazama chini, huku ukiacha nafasi ya hewa kati yake na bati. Foili haifanyi kazi kwa unene. Inafanya kazi kwa sababu uso unaong'aa hutoa mnururisho kidogo sana hata ukiwa wa moto. Ng'ao inatazama chini kwa sababu ikitazama juu, vumbi huifunika baada ya muda na kazi yake hufa. Karatasi hiyo pia hudaka jasho la bati, mradi fundi ameipa mteremko wa kuyapeleka matone upenuni na si katikati ya chumba. Ukiongeza matundu ya hewa upenuni na kwenye pembetatu za ukuta chini ya paa, hewa ya moto itapata pa kutokea. Ukilipaka paa rangi nyeupe upande wa nje, bati lenyewe halitafikia joto lile. Hayo ndiyo yatakayomsaidia mama saa sita mchana.

Matundu hayo yafungwe kwa wavu mdogo. Mbu wa malaria hupenda kuingia nyumbani kupitia mwanya ulioko kati ya ukuta na paa, na katika utafiti uliofanyika Gambia na kuchapishwa mwaka 2009, nyumba zilizowekewa dari ya wavu zilikuwa na mbu takriban nusu ya wale waliokuwa katika nyumba zisizowekewa kitu. Wavu wa waya wa mabati, si wa plastiki, utawazuia panya pia, maana plastiki huitafuna. Wanaojaza mwanya huo kwa saruji huwazuia mbu na panya vizuri sana, lakini huwa wamemfungia mama joto lote humo ndani.

Jibu langu kuhusu kupigilia dari mpya chini ya ya zamani vyumbani, ambako bodi ni za kahawia tu, bado ni hapana. Fremu ile, ambayo mafundi huiita blandaringi, imebeba bodi zilizolowa kwa miaka. Huwezi kujua mchwa wamefika wapi wala misumari mingapi imelegea mpaka bodi zishuke. Utakuwa umeongeza uzito juu ya kitu usichokiona, umewaachia panya ghorofa ya katikati yenye giza na utulivu, na uvujaji wa baadaye utajaa juu ya bodi ya zamani kwa miezi kabla hujaona doa kwenye mpya. Zishushe. Nyaya za umeme zikaguliwe siku hiyo hiyo, maana nyaya za umri huo zilizokaa na panya mara nyingi zimechunwa plastiki, na fundi wa kuzikagua awe na leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA).

Sasa jipsamu. Dai la kwamba haidumu pwani lina ukweli nusu. Jipsamu ni madini yenye maji ndani ya fuwele zake, takriban sehemu moja ya tano ya uzito wake, na ndiyo maana inastahimili moto: moto ukiipiga, maji hayo yanatoka kama mvuke kwanza na kuchelewesha joto kupenya. Unyevu wa kawaida wa hewa ya Tanga hauiharibu. Kinachoiharibu ni maji yanayoigusa, au mvuke unaokaa bila kutoka, ambao huilainisha polepole hadi bodi ikalegea kati ya mbao na mbao. Wale walioiona ikianguka pwani, wengi wao waliona paa linalovuja, au fremu yenye nafasi pana mno. Kwa bodi ya milimita 9 mbao za fremu zisiachane zaidi ya milimita 400 kutoka kati hadi kati. Fundi akikuambia futi 2 inatosha, basi atumie bodi ya milimita 12.5. Skrubu ziwe zenye kinga ya kutu, kwa sababu kwenye hewa ya chumvi skrubu duni hutoa vidoa vya kahawia kupitia rangi katika mwaka wa kwanza, na kila kichwa cha skrubu kizame kidogo bila kuchana karatasi ya bodi, kwa kuwa karatasi hiyo ndiyo inayoishikilia. Maungio yapewe mkanda na tabaka tatu za pati, kila moja ikauke kabla ya nyingine. Hapo ndipo mafundi wenye haraka huiba muda, na utawajua jioni jua linapoingia dirishani kwa ulalo na kuonyesha kila mstari. Ukimaliza kwa rangi nyeupe isiyong'aa, makosa madogo hayataonekana. Rangi ya kung'aa huyatangaza.

Zile ngazi mbili zenye taa za pembeni sikushauri, na sababu yangu si urembo. Ukuta wa nyumba nyingi za wakati ule una kimo cha mita 2.7. Ukishusha dari sentimita 30, umebaki na mita 2.4, na pangaboi likining'inia sentimita 30 nyingine, mapanga yake yanazunguka mita 2.1 kutoka sakafuni, mahali ambapo mtu mrefu akinyoosha mkono kuvua shati anayafikia. Ninapenda yawe mita 2.3 au zaidi. Kwa nyumba ya joto, pangaboi lina faida kuliko taa za pembeni, na lifungwe kwenye mbao iliyopigiliwa kati ya kenchi na kenchi, kamwe si kwenye bodi wala kwenye fremu ya bodi.

PVC ni nyepesi, haioshwi ikaharibika, haiozi, na mchwa hawaili. Chooni ninaipenda kuliko kitu kingine. Lakini ina tabia mbili ambazo fundi wako hakukueleza. Ya kwanza ni kutanuka: kipande cha mita 6 kinaweza kurefuka milimita 6 au 7 joto likipanda kwa nyuzi 20, na chini ya mabati hupanda zaidi ya hapo, hivyo kila mwisho uachiwe nafasi ndani ya mkanda wa pembeni, kikibanwa huku na huku, kitafanya matumbo kama bodi unazoziondoa. Ya pili ni kwamba huanza kulainika ikikaribia nyuzi 80, na ikiungua hutoa moshi wenye asidi unaokaba pumzi. Haidaki moto kirahisi, hilo ni kweli, lakini moshi wake katika chumba anacholala mzee ambaye hawezi kutoka haraka ni jambo ninalolipa uzito mkubwa. Kwa sababu hiyo sitaiweka vyumbani mwa mama, wala juu ya jiko la mkaa au la gesi.

Mbao anazozitaka kaka yako ni nzuri kuzitazama, na pwani tuna historia nayo: dari za nyumba za mawe za Unguja na Lamu zilibebwa na boriti za mikoko, na upana wa vyumba vyake ulifuata urefu wa boriti. Kwa nyumba yako, mbao zilizokauka vizuri na zilizotiwa dawa zinafaa barazani, ambako upepo unazipitia. Ndani ya vyumba vyote zitakula fedha yako bila kukuondolea tatizo lolote ulilonitajia, na zikiwekwa mbichi zitasinyaa na kuacha mianya baada ya kiangazi kimoja.

Basi kama nyumba ingekuwa ya mama yangu, fedha ningeigawa kwa mpangilio huu. Kwanza kipimo cha bodi za kijivu, na kuondolewa kwake ikibidi. Pili paa: skrubu, mabati yaliyoliwa, mifereji, foili na matundu yenye wavu. Hapo ningesimama, nikaliacha paa lipite mvua ya vuli au ya masika, huku vyumba vikiwa vimeshushwa bodi au vikiwa na bodi za zamani, kadiri mama atakavyoweza kuvumilia. Baada ya mvua, jipsamu bapa ya milimita 9 sebuleni na vyumbani, PVC chooni, na jikoni bodi mpya za saruji zisizo na asbesto, ambazo ni nzito na zinahitaji fremu imara lakini hazijali mvuke wala cheche. Ukiishiwa fedha katikati, uishiwe ukiwa na paa zima na chumba cha mama kimekamilika. Sebule inaweza kusubiri mwaka. Chumba cha futi 12 kwa 12 kina futi za mraba 144, na bodi moja ni futi 32, kwa hiyo bodi 5 zinatosha. Fundi akikuandikia 8, muulize za ziada ni za wapi.

Usifanye uamuzi kwa maandishi yangu peke yake ikiwa ukipanda utakuta kenchi imepinda, mbao inayobonyea kwa bisibisi, njia za mchwa zinazopanda ukutani hadi kwenye paa, au ukuta wenye ufa unaoingiza ncha ya kidole pale juu unapopokea kenchi. Hayo yanahitaji mhandisi aje aone kwa macho yake, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kuezua. Vivyo hivyo, dari ikiwa imebonyea ghafla baada ya mvua, mhamishe mama chumba siku hiyo hiyo, msingoje fundi.

Na fundi asiondoke kabla hajaacha mlango wa kupandia darini, wenye upana wa kupita mtu mzima, katika korido na si juu ya kitanda. Mwambie akuachie bodi mbili nzima za akiba, uzilaze bapa mahali pakavu, kwa kuwa zikisimamishwa ukutani hupinda. Upande wa ndani wa mlango huo andika kwa kalamu ya wino usiofutika jina na namba ya rangi iliyotumika, unene wa bodi, na mahali zilipopita nyaya, ili atakayepanda baada ya miaka 10 asianze kutoboa kwa kubahatisha.